Shemeji, Jumapili Old Course Imefungwa

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni msomaji wako wa Arusha. Binti yetu anahitimu Chuo Kikuu cha Edinburgh mwezi wa saba, na mimi na baba yake tunakuja kumshuhudia. Tunafika Alhamisi jioni, mahafali ni Ijumaa asubuhi, na Jumatatu alfajiri tunaondoka. Kwa hiyo tuna Jumamosi na Jumapili tu za kutembea. Mume wangu anacheza gofu tangu ujana, hendikapu yake, yaani kipimo cha uwezo wake, ni 14, na ni mtu wa mkono wa kushoto. Mimi nimeanza mwaka jana, sina hendikapu, lakini mchezo umeniingia. Tatizo ni kwamba ameshawatangazia wenzake klabuni kuwa Jumapili atacheza Old Course ya St Andrews, kile kiwanja cha gofu mashuhuri cha Scotland. Hajaulizia popote. Je, inawezekana? Na kama haiwezekani, tucheze wapi bila gari na bila kuuza shamba? Fimbo tubebe au tukodi? – Mama Mhitimu, Arusha.

JIBU: Marahaba dada yangu, na hongera ya binti. Nianze na habari mbaya tuimalize mapema. Jumapili Old Course haichezwi. Siyo kwamba nafasi zimejaa, la, kiwanja kinafungwa. Ni desturi ya huko tangu zamani, majani yapumzike siku moja, na wenyeji wakitumie kama bustani ya mji. Utakuta wazee na mbwa wao, watoto wanakimbizana, mama anasukuma kigari cha mtoto katikati ya njia ya shimo la kwanza. Jumapili pekee ambazo mipira hupigwa pale ni za mashindano makubwa, kama Open, ule ubingwa mkubwa wa Uingereza, ikiwa zamu yake. Kwa hiyo shemeji amewatangazia wenzake siku moja ya wiki ambayo hata angekuwa bingwa wa dunia asingeruhusiwa.

Jumamosi je? Old Course ni kiwanja cha umma, si cha klabu ya matajiri kama wengi wanavyodhani, na nafasi nyingi hutolewa kwa kura. Mnaandikisha majina siku mbili kabla ya siku ya kucheza, kabla ya saa nane mchana, mkiwa wawili, watatu au wanne, na kila mmoja awe na uthibitisho wa hendikapu. Wewe huna, basi kura ya pamoja imekufa hapo. Mtu aliye peke yake zamani alikuwa anakesha nje kwenye kibanda cha Old Pavilion, blanketi mabegani, akingoja asubuhi aunganishwe na kundi lenye pengo. Tangu 2024 mambo ya kukesha yamekwisha, naye anaingia kura yake, ila lazima afike mwenyewe St Andrews siku moja kabla kuandikisha jina. Siku moja kabla ya Jumamosi ni Ijumaa. Ijumaa binti yako yuko jukwaani. Nakuachia wewe umweleze baba yake.

Na hata kura ikimwangukia, ada ya mtu mmoja majira ya joto inapita pauni 300. Ndiyo shamba lenyewe hilo.

Sasa nikwambie ninachoamini, maana naishi Fife, jirani kabisa na huo mji, na wageni wa nyumbani wananijia na ombi hili hili kila kiangazi. Jumapili ndiyo siku nzuri kuliko zote kwa mtu wa hali yenu kwenda St Andrews. Kwa sababu kiwanja kimefungwa, unaruhusiwa kukitembea chote, bure, kwa miguu yako. Aliyelipa pauni 300 Jumamosi anasukumwa na kundi lililo nyuma yake. Wewe Jumapili unasimama unapotaka, kwa muda unaotaka.

Pandeni treni pale stesheni ya Waverley, Edinburgh, mpaka Leuchars, safari ya kama saa moja. Kaeni upande wa kulia. Mtavuka daraja la chuma la Forth, la mwaka 1890, kisha reli inafuata bahari kwa muda mrefu. St Andrews yenyewe haina treni tangu 1969. Mkishuka Leuchars basi namba 99 linapita hapo hapo stesheni na dakika chache baadaye mko mjini. Treni za Jumapili asubuhi huchelewa kuanza, kwa hiyo angalieni ratiba usiku wake.

Anzieni kwenye shimo la 18, lile lililopakana na maduka. Kuna barabara halisi, ya magari, inakata katikati ya shimo la kwanza na la 18. Wanaiita Granny Clark's Wynd, na siku za mchezo magari husimama kupisha mpira. Endeleeni mbele mpaka daraja la Swilcan. Shemeji atashangaa lilivyo dogo. Kwenye televisheni linaonekana kama la kupitisha gari moshi, kumbe ni mgongo wa mawe wa hatua chache juu ya kijito chembamba, ulijengwa kupitisha wachungaji na mifugo yao, na mawe ya katikati yamelika kwa viatu. Kuna foleni ya kupiga picha. Subirini zamu. Mwaka 2023 wasimamizi walitandaza mawe mahali pa kupandia daraja ili majani yasikanyagwe. Watu wakaja juu dunia nzima, wengine wakasema limegeuzwa ua wa nyumba, na mawe yakang'olewa siku chache baadaye. Mimi nilikuwa upande wa waliopiga kelele.

Vukeni daraja, endeleeni mbele kidogo mpaka grini ya 17, yaani uwanda wa majani mafupi wenye tundu, kwenye shimo waliloliita Road Hole. Hapo mwambie shemeji asimame ukingoni mwa ile bunka, mtego wa mchanga, ndogo iliyojibanza kushoto mbele ya grini. Asishuke, aangalie tu. Ukuta wake umejengwa kwa matabaka ya majani, umesimama wima karibu kama ukuta wa nyumba, na ardhi yote inayoizunguka inateremkia humo, kiasi kwamba mpira uliopita hatua mbili pembeni unageuka wenyewe na kuingia. Upande wa pili wa grini kuna barabara ya changarawe na ukuta wa mawe, na hayo yote ni sehemu ya mchezo, huruhusiwi kuusogeza mpira bila adhabu. Mtu wa hendikapu 14 akikaa pale dakika tano atajua kwa nini mabingwa wamelilia shimo hilo. Mkiwa na nguvu, endeleeni mkaone grini za pamoja: mashimo 14 kati ya 18 yanachangia grini, mawili mawili kwa grini moja, bendera mbili kwenye uwanja mmoja mpana, na namba zake ukizijumlisha unapata 18 kila mara. La pili na la 16, la tatu na la 15, hivyo hivyo.

Halafu mcheze. Watu husahau kwamba St Andrews ina viwanja saba vya umma, na ni Old Course peke yake inayotaka cheti cha hendikapu. New Course, kazi ya Old Tom Morris, bingwa na fundi wa viwanja wa zamani, ilifunguliwa 1895, na jina lake la "mpya" bado limeganda. Ni ngumu, ni nzuri, na Jumapili iko wazi. Lakini kwa nyinyi wawili pamoja ningechagua Strathtyrum: mashimo 18, bunka chache, na wewe hutajiona unachelewesha watu. Kama 18 ni nyingi kwako, kuna Balgove, mashimo tisa, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Hakuna atakayekutazama vibaya pale. Wekeni nafasi mapema kwa mtandao. Binti yenu asiyecheza mpelekeni Himalayas, uwanja wa kusukuma mpira tu kwa fimbo ya grini, wenye vilima na mabonde, kando kabisa ya Old Course. Ni wa klabu ya wanawake iliyoanzishwa 1867, na wageni wanakaribishwa kwa pesa kidogo. Ina saa zake za umma, ziangalieni kabla.

Jumamosi sasa. Jumamosi msihangaike na klabu za wanachama. Asubuhi yote wana mashindano yao ya ndani na mgeni ni kero. North Berwick iko nusu saa tu kwa treni, na ni kiwanja nikipendacho kuliko vyote Scotland, chenye ukuta wa mawe unaolazimika kuupigia mpira juu yake kufika grini ya 13. Lakini kwa Jumamosi ya Julai ulitakiwa uwe umeandika miezi mingi iliyopita. Kiacheni.

Nendeni Musselburgh. Basi namba 26 kutoka Princes Street linawafikisha, na mnalipa kwa kadi ya benki mkipanda. Musselburgh Old Links ni mashimo tisa ndani ya uwanja wa mbio za farasi. Ndiyo, ndani kabisa, reli nyeupe za farasi zimekizunguka, na kuna mahali unapiga mpira juu yake. Kumbukumbu zake za maandishi zinaanzia 1672, na Open ilichezwa hapo mara sita kati ya 1874 na 1889, kabla haijahamishiwa kwingine. Na hili mpelekee mhudumu wa kiwanja chenu Arusha: tundu la grini, kokote duniani, lina upana wa milimita 108 kwa sababu hicho ndicho kipimo cha kifaa cha kuchimbia kilichotumiwa Musselburgh mwaka 1829. Baadaye wakubwa wa mchezo wakakifanya sheria.

Lakini sababu yangu ya kukutuma wewe hasa, dada, ni nyingine. Mwaka 1811 klabu ya hapo iliandaa shindano la wanawake, la mwanzo kabisa kujulikana kwa maandishi. Hawakuwa mabibi wa majumba makubwa. Walikuwa wauza samaki wa bandari ile, wanawake waliopanda na kushuka mpaka Edinburgh na mzigo mgongoni. Zawadi ya mshindi ilikuwa kikapu kipya cha kubebea samaki, na vitambaa vya hariri juu yake. Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimekua naona kina mama wa namna hiyo sokoni, na nikisimama kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia kupiga, pale huwafikiria hao kabla ya bingwa yeyote. Mume akikuambia gofu ni mchezo wa wanaume, mpe tarehe hiyo.

Mambo mawili kuhusu Musselburgh. Kwanza, siku za mbio za farasi kiwanja hufungwa, kwa hiyo soma kalenda ya mbio kabla ya kupanga. Pili, nendeni alasiri, watu wakishapungua. Julai jua la Edinburgh linazama karibu saa nne usiku, mkianza saa kumi na mbili jioni bado mna mwanga wa kumaliza mashimo tisa na kutafuta samaki wa kukaanga. Pale pia hukodisha fimbo za kizamani zenye mpini wa mti. Mpira hauendi mbali, ila usipougusa sawasawa mikono inakuambia papo hapo. Kama mbio zimewazuia, Braid Hills ndiyo mbadala: kiwanja cha manispaa tangu 1889, juu ya kilima kusini mwa mji, unaona ngome na bahari kwa pamoja. Ni milima mitupu lakini, kwa hiyo magoti yawe tayari.

Na Ijumaa, mkitoka McEwan Hall, ukumbi wa mahafali, na joho la binti bado liko mkononi, tembeeni mkikatiza bustani ya Meadows mpaka Bruntsfield Links. Kiangazi kuna mashimo mafupi mafupi yamechimbwa kwenye majani ya wazi, yeyote anacheza, bure. Unahitaji fimbo mbili tu kila mtu, na baa ya Golf Tavern iliyo pembeni huwa inakodisha. Pigeni simu kwanza. Picha ya mhitimu akipiga mpira na viatu vya mahafali itawafaa zaidi kuliko ile ya jukwaani.

Fimbo msibebe. Siku mbili za mchezo hazistahili kuburuta mifuko viwanja vya ndege vitatu. Beba viatu, glavu, na shemeji abebe ushahidi wa hendikapu, huenda mtu akauuliza. Ila yeye ni shoto, na hapo ndipo wageni wanapokwama: seti za mkono wa kushoto huwa chache, na zikishachukuliwa zimechukuliwa. Aandike kabla hamjapanda ndege, aseme wazi ni shoto, ataje na urefu wake.

Ninyi wa Arusha mna jambo jingine la kujiandaa nalo. Huko mko mita 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka. Huku mpo usawa wa bahari na upepo unakuja usoni. Fimbo iliyokuwa inakutosha nyumbani itakuangusha kabla ya grini; chukua iliyo refu zaidi na usione haya. Ardhi ya pwani hii ni mchanga chini ya majani mafupi, na Julai huwa kavu na ngumu, kwa hiyo mpira wa juu unaotua na kukaa usahau. Upige chini chini, udunde mapema, uviringike. Hata ukiwa hatua ishirini nje ya grini, toa fimbo ya grini na usukume. Wenyeji wanafanya hivyo na hawajioni washamba. Mpira ukiingia kwenye vichaka vya miiba yenye maua ya njano, uage. Sheria inakupa dakika tatu za kutafuta na ile miiba haihitaji hata moja kukukumbusha.

La mwisho kwako ni kedi. Nimeanza mchezo huu nikibeba mifuko ya watu Nyali, na najua mchezaji wa Afrika Mashariki anavyodekezwa: mfuko unabebwa, mpira unatafutwa, fimbo unachaguliwa, na ukipiga vibaya kuna mtu wa kulaumu. Kwenye viwanja nilivyokutajia utavuta toroli mwenyewe. Kedi wa St Andrews wapo, hasa Old Course, ila bei yake itamfanya shemeji ampigie simu yule wa Arusha kumshukuru. Na tembeeni haraka. Mskoti anatarajia mashimo 18 yaishe ndani ya saa nne. Mkiona wawili nyuma wamesimama mikono kiunoni, simameni pembeni, wapungieni wapite. Mtasalimiwa vizuri sana.

SWALI: Assalaam aleikum mzee. Nipo Muscat, nitakuwa na gari la kukodi magharibi ya Scotland siku mbili na wanangu wawili, wa miaka 10 na 13. Hatutaki kiwanja cha sifa, tunataka cha kufurahia. Kuna chochote? – Baba wa Wawili, Muscat.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kipo Traigh, kati ya Arisaig na Mallaig. Mashimo tisa kwenye vilima juu ya mchanga mweupe, na visiwa vya Eigg na Rum viko mbele yako baharini. Mtu aliyetoka Muscat ataona ni bahari ya nyumbani iliyopoteza joto. Viwanja vidogo vya upande huo mara nyingi havina mtu wa kupokea pesa: unakuta kisanduku ukutani na bahasha, unaandika jina, unatia ada, unacheza. Kwa hiyo beba noti ndogo, kadi haitaingia kwenye tundu la kisanduku. Wafanye wanao watie pesa wenyewe.

Mbili za tahadhari. Barabara nyingine huko ni za gari moja, zina vituo vya kupishana. Ukiwa mgeni mwenye haraka kuna watu nyuma yako wenyeji wenye haraka zaidi, wapishe. Na upepo ukitulia jioni huja wadudu wadogo kuliko mbu, midges, kwa maelfu. Hawaleti malaria ila watawatoa uwanjani. Ombeni upepo.

SWALI: Mzee, jinzi inaruhusiwa? Na wanatutazamaje sisi? – Kijana wa Kisumu, sasa Glasgow.

JIBU: Jinzi kwenye kiwanja cha manispaa hakuna atakayekuuliza. Kwenye klabu ya wanachama vaa suruali ya kitambaa na shati la kola, na kofia uivue ukiingia ndani. Wanakutazamaje? Kwenye tii ya kwanza, kama wanavyomtazama mgeni yeyote: wanataka kujua kama utawachelewesha. Piga, chukua toroli, tembea. Kufika shimo la tatu watakuwa wanakuuliza Kenya kuna mvua sasa hivi, na ukiwajibu watakueleza ya kwao kwa urefu.